Samaki wa maji ya chumvi akiugua nyumbani, maji ndiyo hupimwa kwanza

KANGAJA wa buluu aliyezoea kulizunguka tangi kutwa nzima huonekana asubuhi moja amejibanza nyuma ya jiwe. Mapezi ameyabana mwilini, anapumua haraka haraka, na chakula hakigusi. Kufikia jioni mkia wake una chembe nyeupe mfano wa chumvi ya mezani iliyonyunyizwa. Mwenye tangi, kwa hofu ya kumpoteza samaki aliyemgharimu pesa nyingi, hukimbilia dukani, hununua chupa ya dawa na kuimimina yote majini. Baada ya siku mbili kangaja amekufa, na pamoja naye wamekufa kamba, konokono na matumbawe ambao hawakuwa na ugonjwa wowote.

Mkasa wa aina hii huwafika wengi wanaofuga samaki wa baharini majumbani, na chanzo chake ni kimoja. Dawa nyingi za samaki wa maji ya chumvi hutegemea madini ya shaba. Shaba hiyo hiyo inayoua vijidudu ni sumu kali kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Isitoshe, hunywea ndani ya mawe na mchanga wa tangi na huweza kuvuja tena polepole baadaye, hata maji yakibadilishwa mara kadhaa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kumtibu samaki wa baharini ni kutomtibu ndani ya tangi lake la kawaida. Kanuni ya pili ni kwamba yamkini hana ugonjwa kamwe. Maji ndiyo mabovu.

Suala hili si geni nchini. Tangu miaka ya 1970, Pwani ya Kenya imekuwa ikitoa samaki wa mapambo wanaouzwa Ulaya, Marekani na Asia. Wapiga mbizi wa sehemu kama vile Shimoni, Mtwapa na Kilifi huwanasa kwa nyavu ndogo za mkono miongoni mwa miamba: kangaja, vitatange, visamaki vya anemoni na wengineo wengi. Idadi fulani hubakia humu humu nchini, katika mahoteli, afisi na nyumba za watu binafsi mjini Mombasa na Nairobi. Ikumbukwe kwamba ndani ya hifadhi za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968, kuvua samaki wa aina yoyote ni marufuku.

Tofauti na samaki wa maji baridi, ambao wengi wao huzalishwa katika mabwawa, samaki wengi wa maji ya chumvi hutolewa mwambani moja kwa moja. Visamaki vya anemoni ni miongoni mwa wachache wanaozalishwa kwa wingi na binadamu. Kwa hivyo, kila kangaja anayekufa katika tangi na kununuliwa mwingine badala yake, ni mwamba uliopungukiwa na samaki wawili.

Kabla ya kufika sebuleni, samaki huyo amepita mengi. Amefukuzwa hadi wavuni, amepandishwa juu kutoka kilindini, amekaa katika matangi ya mfanyabiashara bila kulishwa ili tumbo lake liwe tupu wakati wa safari, amefungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo, kisha amesafirishwa gizani kwa saa nyingi. Katika hali hiyo mwili wake humwaga homoni ya kotisoli, ambayo kwa muda mfupi humpa nguvu za kukimbia hatari, lakini ikidumu kwa siku nyingi huudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya maradhi. Vijidudu vichache ambavyo baharini asingevihisi humzidi nguvu. Mfadhaiko wa samaki, basi, si jambo la kuchekesha wala si hali ya moyo tu. Ndio mlango ambao maradhi mengi hupitia.

Kiu ya samaki baharini

Ili kuelewa kwa nini kidonda kidogo humwangamiza samaki wa baharini, ni vyema kujua anavyoishi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Damu na majimaji ya mwili wa samaki yana chumvi kiasi cha thuluthi moja tu ya hiyo. Kwa sababu hiyo maji humtoka samaki mchana na usiku, yakivutwa na chumvi iliyo nje. Ili asikauke, hana budi kunywa maji ya bahari mfululizo na kuitema chumvi ya ziada kupitia kwa matamvua yake. Kazi hii hula sehemu ya nguvu zake hata akiwa mzima.

Kinachomkinga ni ngozi, magamba na ute unaoteleza uliomfunika. Ute huo ukikwaruzwa na wavu au kutobolewa na vimelea, maji humtoka kwa kasi zaidi. Samaki aliyejaa vidonda hufa kwa kukaukiwa ilhali amezungukwa na maji. Kangaja, ambaye ute wake ni mwembamba kuliko wa samaki wengine wengi, huwa wa kwanza kuathirika. Wafugaji wenye uzoefu humtazama yeye kila asubuhi kabla ya wenzake.

Vipimo kabla ya dawa

Dalili za mfadhaiko na zile za ugonjwa hufanana: kujificha, kupauka rangi, kubana mapezi, kukataa chakula, kupumua kwa kasi, kujikwaruza kwenye mawe, au kuelea karibu na uso wa maji kana kwamba anatafuta hewa. Njia rahisi ya kutambua kasi ya pumzi ni kuhesabu mara ambazo vifuniko vya matamvua hufunguka kwa dakika moja siku ambayo samaki ni mzima, na kuiandika hesabu hiyo. Asiyeijua hesabu ya afya hawezi kuitambua ya maradhi.

Zikionekana dalili hizo, hasa kwa samaki zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, vipimo vya maji vitangulie. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Kipima chumvi kinachoelea kisome 1.025 hivi. Kiwango cha pH kiwe kati ya 8.0 na 8.4. Amonia isiwepo kabisa.

Amonia inastahili maelezo zaidi kwa kuwa ndiyo muuaji mkuu wa matangi mapya. Hutokana na pumzi na kinyesi cha samaki pamoja na mabaki ya chakula. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye mawe na ndani ya chujio huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha. Anayejaza tangi Jumamosi na kutia samaki watano Jumapili huwa amewatia katika choo kisichokuwa na njia ya kutokea. Bahari pia huongeza makali ya sumu hii: kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile inayopenya matamvua. Amonia yenye kipimo sawa huwa na sumu zaidi ya mara kumi katika maji ya pH 8.2 kuliko katika maji ya pH 7. Nitraiti, kwa upande mwingine, haiwasumbui sana samaki wa baharini kwani kloridi iliyo katika chumvi huizuia kuingia mwilini.

Amonia ikipatikana, tiba ni kubadilisha maji, robo hadi nusu ya tangi, kwa maji yenye joto na chumvi sawa na yale yaliyomo. Maji mapya ya chumvi ya dukani yachanganywe siku moja kabla, yakizungushwa na pampu. Maji ya mfereji yana klorini ambayo lazima iondolewe kwanza. Wakazi wa Pwani wanaochota maji baharini wafanye hivyo wakati maji yanapojaa, mbali na midomo ya mito na hori zinazopokea maji taka, wala si siku chache baada ya mvua kubwa. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta au sabuni haufai, hata ukioshwa mara kumi.

Kosa jingine la kawaida ni kuongeza maji ya chumvi kila tangi linapopungua. Maji yanapokauka chumvi hubaki. Anayejazia kwa maji ya bahari huongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya wiki kadhaa samaki huwa anapigana na bahari iliyo kali kuliko alikotoka. Kinachojaziwa ni maji matamu.

Nairobi si Mombasa

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havimwambii mfugaji wa Nairobi. Mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa vile maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu kwa karibu sehemu moja kwa tano, samaki aliyenaswa Shimoni na kuwekwa katika nyumba ya ghorofa mtaani Kilimani hupumua maji ambayo tangu mwanzo hayamtoshi vizuri. Tangi lililosheheni samaki bila matatizo Mombasa huenda likawa na samaki wanaotweta Nairobi. Dawa ya hali hiyo ni samaki wachache zaidi na pampu inayoutibua uso wa maji usiku na mchana. Mapovu yenyewe si hoja. Uso wa maji unaotikisika ndio unaopokea hewa.

Baridi ya Juni hadi Agosti nayo hudai hita. Huko Pwani shida ni kinyume chake: mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikiwa imetulia, tangi lililo karibu na dirisha huweza kuvuka nyuzi 30. Kadiri maji yanavyopata joto, oksijeni hupungua wakati ule ule mwili wa samaki unapoihitaji zaidi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huweza kushusha joto kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa maji yatakauka haraka zaidi.

Halafu kuna umeme kupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Katika tangi la maji ya chumvi, pampu inaposimama, oksijeni huanza kupungua papo hapo, na bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa nao huanza kufa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ya bei nafuu ikilinganishwa na samaki mmoja wa kigeni. Ikikosekana, maji yachotwe kwa kikombe na kumwagwa tena tangini kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Samaki wasilishwe hadi umeme urudi. Chujio lililozimika kwa nusu siku lifunguliwe na kusuuzwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuwashwa, la sivyo litamwaga uozo wake wote ndani ya tangi.

Chembe nyeupe na hila zake

Maji yakiwa sawa na dalili zikiendelea, basi ugonjwa wenyewe utafutwe. Unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa chembe nyeupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Wengi hushindwa kuutibu kwa sababu hawajui maisha ya mdudu huyo.

Kimelea hiki hujichimbia chini ya ngozi na kwenye matamvua ya samaki, na hapo hula kwa muda wa siku tatu hadi saba. Ndizo zile chembe zinazoonekana. Kikishiba hutoka, huanguka chini, hutambaa kwa saa kadhaa na kujijengea kifuko kigumu juu ya jiwe, mchanga au kioo. Ndani ya kifuko hicho hugawanyika mara nyingi na kuwa vijidudu vipya vinavyoweza kufika 200 au zaidi. Baada ya siku tatu, au wakati mwingine wiki nne na kupita, kifuko hupasuka na watoto hao kuogelea wakimsaka samaki. Wasipompata katika muda wa siku moja au mbili, hufa.

Hapa ndipo mfugaji anapodanganyika. Chembe zinapoanguka siku ya tano, husema samaki amepona, na husifu chochote alichokitia majini siku ya nne. Wiki mbili baadaye chembe hurudi zikiwa maradufu. Sifa nyingi za vitunguu saumu na tiba nyingine za jikoni zimetokana na hesabu hiyo mbovu ya siku. Kitunguu saumu huweza kumshawishi samaki kula, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba humwondolea kimelea hiki.

Shaba huua kimelea kinapoogelea tu. Haikifikii kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya kifuko. Kwa sababu hiyo lazima iwe majini kwa kiwango kisichoshuka, miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kwa shaba ya kawaida, kwa muda usiopungua wiki tatu, ili kila mtoto anayezaliwa aikute. Ikishuka siku moja, kizazi kimoja hupita. Ikizidi, samaki hufa kwa sumu, na kangaja na vitatange hawaivumilii sana. Kipimo cha shaba ni lazima kinunuliwe pamoja na dawa yenyewe. Anayekadiria kwa vifuniko vya chupa anabahatisha. Baadhi ya dawa zina shaba iliyofungamanishwa na kemikali nyingine na hutumia viwango tofauti, hivyo maelezo ya kwenye chupa yafuatwe.

Wasiotaka dawa wana njia mbili. Ya kwanza ni kumhamisha samaki kila baada ya siku tatu, mara nne mfululizo, kati ya vyombo viwili; kile anachotoka huoshwa na kukaushwa kabisa. Vimelea vilivyoanguka huachwa nyuma kabla vifuko havijapasuka. Kazi ni nyingi lakini gharama ni ndogo, na kwa mfugaji wa Kenya ambaye dawa halisi humfikia kwa shida, pengine ndiyo njia bora. Ya pili ni kupunguza chumvi hadi gramu 15 au 16 kwa kilo, kidogo kidogo kwa muda wa siku mbili au tatu, na kuidumisha hapo kwa wiki tatu au zaidi. Vimelea wengi hupasuka, na samaki hupumzika kwa kuwa maji hayamtoki tena kwa kasi. Kipimo kiwe sahihi, kwani tofauti ya gramu mbili huwaokoa vimelea. Na hata hivyo imegunduliwa kwamba baadhi ya vizazi vya kimelea hiki huistahimili hali hiyo. Chumvi hurudishwa taratibu zaidi kuliko ilivyopunguzwa, kwa muda wa wiki nzima. Matumbawe na kamba hawawezi kuishi katika maji hayo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu lakini ni mkali kupita kiasi. Husababishwa na Amyloodinium ocellatum. Badala ya chembe, samaki huwa na vumbi laini la rangi ya dhahabu linaloonekana vizuri akimulikwa kwa tochi upande. Mara nyingi matamvua hushambuliwa kwanza, na samaki hufa akitweta kabla vumbi halijaonekana. Tangi zima huweza kumalizika kwa siku chache. Kupunguza chumvi hakusaidii hapa, kwani kimelea hiki huishi katika maji ya chumvi nyingi na kidogo vilevile. Shaba ndiyo hutegemewa, na itumike siku hiyo hiyo.

Visamaki vya anemoni vilivyotolewa baharini hupatwa na Brooklynella, unaowafanya watoe ute mzito mweupe unaobanduka kama ngozi. Dawa yake ni fomalini, kemikali hatari kwa mapafu na macho ya binadamu, na haifai kuchezewa jikoni. Daktari wa mifugo ashauriwe. Minyoo bapa ya ngozi, ambayo huyapa macho ukungu, hutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile inayojulikana nchini kwa kutibu kichocho.

Njia ya kuitambua minyoo hiyo ni rahisi. Samaki hutiwa katika maji matamu yasiyo na klorini, yenye joto na pH sawa na ya tangi, yakitiwa hewa, kwa muda wa dakika tatu hadi tano huku akitazamwa bila kupepesa jicho. Minyoo hugeuka meupe na kuanguka chini ya ndoo. Samaki akilala ubavu na kuacha kupumua, atolewe mara moja. Ajabu ni kwamba wengi huvumilia josho hilo vizuri kuliko mwenye ndoo.

Tangi la wagonjwa

Matibabu yote hayo huhitaji chombo cha pembeni. Hakihitaji urembo. Tangi la kioo au hata beseni kubwa la plastiki la lita 60 hadi 100, hita, kipimajoto, pampu ya hewa na sifongo ya chujio vinatosha. Sifongo hiyo iwekwe ndani ya tangi kubwa wiki kadhaa kabla ya shida, ili iote bakteria. Anayeikumbuka siku ya ugonjwa amechelewa, na atalazimika kubadilisha maji kila siku kwa sababu ya amonia. Mchanga na mawe visitiwe kwani hufyonza shaba. Vipande vya bomba la plastiki la mafundi wa maji humpa samaki pa kujificha, na maficho ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa. Taa isiwe kali. Watoto wasigonge kioo. Juu pafunikwe, maana samaki mwenye hofu huruka.

Samaki aliyekataa chakula abembelezwe kwa vyakula vibichi: kamba aliyekatwa vipande vidogo, kome, au mwani mkavu usiotiwa chumvi wala viungo kwa kangaja, ambaye kwa asili hula majani ya baharini. Kidogo mara tatu kwa siku ni bora kuliko kingi mara moja. Kilichobaki baada ya dakika tano kitolewe.

Viuavijasumu vya binadamu, ambavyo baadhi ya watu huvifungua na kuvimwaga majini, havifanyi lolote dhidi ya vimelea. Huwaua bakteria wa chujio, huinua amonia na huchangia usugu wa dawa. Vina nafasi yao kwa mapezi yanayooza na vidonda vyekundu, chini ya mwongozo wa daktari wa mifugo. Kadhalika, kumnunua samaki msafishaji, yule mdogo wa mistari ya buluu na nyeusi, ili awale vimelea wa chembe nyeupe ni kazi bure: huyo hula kupe wa baharini wanaokaa juu ya ngozi, si mdudu aliyejichimbia ndani yake. Mara nyingi yeye mwenyewe hufa kwa njaa tangini.

Mwenye tangi naye ajilinde. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huweza kumwingia mtu kupitia kwa mkwaruzo wa mkono na kuleta vidonda visivyopona kwa miezi. Glavu za mpira zinatosha kumzuia.

Mfuko wa kutoka Pwani

Maradhi mengi huingia siku samaki mpya anapoletwa, na hapo pia pana mtego usiojulikana sana. Samaki aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mombasa huwa amejaza mfuko wake amonia, lakini pumzi yake imeishusha pH na hivyo kuipunguzia sumu hiyo makali. Mfuko unapofunguliwa, kaboni dayoksaidi hutoroka, pH hupanda na amonia hugeuka sumu kamili katika dakika chache. Ule utaratibu wa kumdondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili, unaofaa kwa safari fupi, humuumiza wa safari ndefu. Ni afadhali kumpigia simu muuzaji kabla, kuuliza kiwango cha chumvi alichotumia, kuandaa maji ya karantini yenye kiwango hicho, kuuelekeza mfuko majini ukiwa umefungwa ili joto lilingane, kisha kumwingiza samaki mara moja bila maji ya mfuko. Chumvi huongezwa siku zinazofuata. Akae huko wiki nne akila na kutazamwa.

Wapo watakaopona na wapo wasiopona. Samaki asiyeweza tena kusimama wima wala kula anaweza kupumzishwa kwa mafuta ya karafuu, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza usingizi na kwa kiasi kikubwa humuua bila maumivu. Mafuta hutikiswa vizuri ndani ya chupa ya maji ya tangi hadi yawe kama maziwa, ndipo yatiwe katika chombo chake, na aachwe humo dakika kumi au zaidi baada ya matamvua kutulia. Azikwe bustanini. Kumrudisha baharini samaki mgonjwa, au hata mzima aliyewahi kuchanganywa na samaki wa kutoka nchi nyingine, ni hatari kwa walioko. Samaki simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye miiba ya sumu, alionekana mara ya kwanza pwani ya Florida mwaka wa 1985, na inaaminika kwamba alitoka katika matangi ya watu. Leo ameenea Karibiani nzima akiwamaliza samaki wadogo wa miamba.

Tangi kubwa, baada ya samaki wote kuhamishwa, huachwa bila samaki kwa wiki sita kwa uchache, na wafugaji waangalifu husubiri wiki kumi au kumi na moja ili vifuko vyote vya chembe nyeupe vipasuke na vijidudu vife njaa. Kamba, konokono na matumbawe hubaki humo wakilishwa kama kawaida. Nyavu, ndoo na mipira iliyotumika kwa wagonjwa hukaushwa juani hadi isibaki na unyevu wowote kabla ya kuguswa na maji ya tangi hilo, kwani tone moja tu lililosalia ndani ya mpira laweza kuirudisha kazi yote siku ya kwanza.